Sijapona, Ila Nipo

Mwezi uliopita mama mmoja ninayemfahamu kwa sura tu alinifuata soko la Mwigobero, hapa Musoma, kwenye meza yangu ya dagaa. Hakuja kununua. Alisubiri wateja wapungue, akanisogelea karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia na wewe uliwahi kutapika damu. Mume wangu katapika juzi. Naomba uniambie, ulifanyaje mpaka ukapona?"

Nikamjibu, "Sijapona, mama. Ila nipo."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji. Nikamshika mkono, nikamweleza haraka haraka nilichoweza: asimpe vidonge vya maumivu vya dukani, awe anaangalia rangi ya choo chake, wasikose tarehe ya kurudi hospitali. Akashukuru, akaondoka. Nilipofika nyumbani Kitaji jioni ile nikaona nimempa maneno ambayo nesi yeyote angempa. Namna ya kukaa na ugonjwa wenyewe ndani ya nyumba, na watu wako, na moyo wako, sikumwambia hata neno. Ndiyo maana naandika. Mama yule, kama hii itakufikia, ni ya kwako.

Naitwa Nyangeta, ingawa wengi wananiita Mama Neema. Nimezaliwa kijiji cha pwani ya ziwa, huko rasini, ambako mtoto anajifunza kuogelea kabla hajajua kuhesabu. Maji ya kunywa tulichota ziwani, vyombo tuliviosha ziwani, na sisi wenyewe tuliogea humo humo. Kichocho kilitupata wengi. Tulikuwa tukipewa vidonge shuleni, vikubwa na vichungu, wengine tunavimeza, wengine tunavitema nyuma ya darasa. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna kinachokaa tumboni miaka na miaka, kinakula ini polepole, na mtu unaendelea kuolewa, kuzaa na kubeba magunia.

Siku niliyotapika nilikuwa Bunda. Nilikuwa nimepeleka dagaa sokoni, kama nilivyozoea kila giza likiisha. Sisi wa ziwani tunahesabu hivyo: mwezi ukiwa giza boti zinavua, mbalamwezi ikirudi zinapumzika, nasi tunatembeza mzigo. Ilikuwa asubuhi, jua halijakolea. Nikasikia moyo unachafuka. Nikadhani ni chai ya stendi. Nikaenda nyuma ya vibanda, nikainama, na kilichotoka hakikuwa chai. Ilikuwa damu, nyingi, mabonge mabonge, na kabla sijaelewa ninachokiona ikaja nyingine. Nakumbuka mama muuza nyanya akipiga kelele, "Jamani, huyu mtu anakufa!" Nakumbuka nikifikiri, anamsema nani?

Nilizindukia hospitali, pale pale Bunda. Dada yangu mkubwa, Tabitha, alikuwa ameketi kando ya kitanda, kitambaa cha plasta kimebandikwa kwenye mkono wake. Yeye aliolewa Butiama, na mume wake alishafariki. Alipopigiwa simu alikuwa shambani. Alipanda bodaboda na matope miguuni, akatolewa damu nami nikawekewa.

"Umekunywa damu yangu," akaniambia. "Sasa utaanza kuwa mkaidi kama mimi."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mume wangu, Masatu, alifika kutoka Musoma adhuhuri, mikono bado ina grisi, maana anatengeneza injini za boti. Alisimama mlangoni akinitazama. Hakuingia mpaka nesi alipomwambia aingie.

Kutoka Bunda nilipelekwa Mwanza kwenye hospitali kubwa, maana kipimo kilichotakiwa kilikuwa huko. Unamezeshwa mpira mrefu wenye kamera, unashuka kooni mpaka tumboni. Wanakupulizia dawa ya ganzi, lakini mwili unakataa, machozi yanatoka yenyewe, mate yanatiririka shavuni mbele ya watu usiowajua. Nesi mmoja mnene alinishika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa ananisugua mgongo, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye gesi. Nimesahau mengi ya siku ile, mkono ule sijausahau.

Baadaye daktari alituita mimi na Masatu. Alikuwa kijana, lakini alivuta kiti akakaa karibu nasi, hakukaa nyuma ya meza.

"Mama," akasema, "ini lako limeshakakamaa. Halitarudi kuwa kama zamani. Hilo sitakuficha. Kwa sababu hiyo mishipa ya kooni imevimba, na mmoja ndio uliopasuka. Tumeufunga. Mingine tutaifunga kidogo kidogo, utakuwa unarudi. Wapo wanaokaa miaka mingi, wanafanya kazi zao. Wapo wanaotapika tena. Wewe utakuwa yupi, kwa kweli sijui."

Masatu akauliza, "Kwa hiyo atapona?"

"Kupona sijasema. Ugonjwa tutautunza."

Tulitoka. Kwenye korido, kabla hata hatujafika kwenye mabenchi, Masatu akapokea simu ya kaka yake, nikamsikia anasema kwa sauti ya furaha, "Daktari amesema atapona!"

Sikumsahihisha. Sikuwa na nguvu, na sehemu ya moyo wangu ilitaka yeye ndiye awe amesikia vizuri.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu ameshafika kutoka kijijini. Yeye alizika watoto wake wawili waliokufa kwa tumbo la kuvimba, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo alipoona tumbo langu limevimba hakungoja maelezo. Aliketi kwenye mkeka sebuleni, mikono kichwani, na kila mgeni aliyeingia alimpokea kama anayepokea watu wa pole. Siku moja aliniuliza, kwa upole kabisa, nguo gani ningependa nivalishwe. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafanya kazi aliyoizoea.

Na kweli tumbo langu lilikuwa limejaa. Wiki zile za vuli lilivimba kama la mjamzito anayekaribia, huku mikono na mabega vikibaki mifupa. Pete ya ndoa ilianza kuteleza nikiinua maji, nikaivua. Nilikuwa nafunga kitenge juu ya kifua. Mwanamke mmoja sokoni alinipongeza, akaniuliza natarajia lini. Nikamjibu, "Mungu anajua," akafurahi, akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikalia. Halafu vidonge vya kupunguza maji nilivyopewa Mwanza vilianza kufanya kazi, nikawa naenda chooni mara kwa mara, tumbo likashuka, na ngozi yake ikabaki imelegea kama gunia lililomwagwa.

Mume wangu alikuwa ananiponya kwa mdomo, mama mkwe ananizika kwa macho, na mimi niliyekuwa katikati yao sikuwa na wa kuzungumza naye. Nikisema nimechoka, Masatu ananikatiza: "Usilitaje jambo hilo. Ukilitaja unaliita." Nikisema leo nina nafuu, mama mkwe anatikisa kichwa, "Hata wanangu walipataga nafuu hivyo hivyo." Ikawa asubuhi naamini huyu, mchana naamini yule. Kuna siku niligawa vitenge vyangu vizuri kwa majirani. Wiki iliyofuata nilipanga safari ya kununua dagaa visiwani. Siku zote mbili nilikuwa na hakika.

Kilichonigutusha ni binti yangu. Neema alikuwa chuo cha ualimu, mbali. Baba yake alimpigia akamwambia mama mzima kabisa. Bibi yake alimpigia akamwambia njoo umwone mama yako. Siku moja mchana nikasikia mlango, nikamwona amesimama na begi lake lote, godoro limekunjwa, macho yamevimba.

"Nimeacha chuo," akasema. "Kila mtu ananiambia lake. Nimeamua nije nione mwenyewe."

Nikamketisha jikoni, nikafunga mlango. Nikamwambia yale aliyosema daktari, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka. Nilipofika kwenye "sijui," nilishika mwiko, nikaendelea kusema huku nasonga ugali.

Neema akauliza, "Kwa hiyo unaweza ukafa."

"Naweza."

"Na unaweza usife."

"Sasa hivi, si unaniona nasonga ugali?"

Akalia, lakini kilio chake kilikuwa na mwisho, si kama kile alichokuja nacho. Siku ya tatu alilibeba godoro lake akarudi chuo. Nilimsindikiza hadi stendi. Tulikubaliana kwamba habari zangu atazisikia kwangu tu, ziwe mbaya ziwe nzuri, nami sitamdanganya. Tangu siku hiyo nililala vizuri zaidi, ingawa hakuna kilichokuwa kimebadilika mwilini.

Safari za Mwanza ziliendelea. Vuli ikaisha, kikapita kile kiangazi kifupi cha vumbi, nami nikawa mwenyeji wa mabenchi yale. Tulikuwa tunajuana. Kulikuwa na mvuvi mmoja wa Ukerewe, Bahati, tuliyekuwa tunapangiwa kliniki pamoja. Mtu wa utani. "Sisi ni mbuzi," alikuwa anasema, "tunakuja kufungwa kamba." Alikuwa na afya kuliko sisi sote, mashavu yanang'aa, na alipenda kutuambia tuache woga, woga ndio unaoua. Pembeni yake alikuwa anakaa mama mmoja mdhoofu kutoka Magu, mnyonge, anayesema kila mara kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Masika yalipoanza, mama wa Magu alikuwepo. Bahati hakuja. Tukamuuliza nesi, akainamisha macho kwenye mafaili.

Mama wa Magu alilia kuliko mimi. "Kwa nini yeye?" aliniuliza. "Mimi ndiye niliyejiandaa." Nilichokiona ni kwamba ugonjwa haukumsikiliza Bahati wala haukumsikiliza yeye. Niliacha kuuogopa mdomo wangu. Nikawa nasema nikiumwa, nikawa nacheka nikiwa na cha kuchekea.

Masika yale nilikuwa najisikia vizuri. Nameza dawa, nakula laini, uji na ugali wa maji maji na supu ya sato, sinyanyui ndoo. Nilikuwa nimeanza kukaa mezani Mwigobero nusu siku. Masatu alikuwa na furaha isiyo kifani, na bila kunishirikisha alimwomba mchungaji nipewe nafasi Jumapili nitoe ushuhuda wa uponyaji. Aliniambia Ijumaa. Nikajiambia nitasema tu asante, sitasema nimepona.

Jumapili asubuhi nilienda chooni, nikaona choo changu cheusi tii, kinanata kama lami. Nilisimama pale nikishika ukuta. Daktari alikuwa ameshanieleza maana yake. Nilikuwa sina maumivu, sina kichefuchefu, nguo ya kanisani iko kitandani imenyooshwa.

Nikamwambia Masatu. Akasema, "Labda ni mboga ulizokula."

"Siyo mboga, Baba Neema."

"Twende tutoe ushuhuda kwanza, watu wanatusubiri. Tukirudi tutaangalia. Tafadhali, usilitaje leo. Siyo leo."

Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba, sikuwahi kuyaona hivyo. Nikavaa. Tukaenda, maana kanisa liko njia moja na hospitali, na nilijidanganya kwamba nitapita tu. Tulipoingia kwaya ilikuwa inaimba. Kichwa kilikuwa chepesi. Mchungaji akaniita. Nikatembea hadi mbele nikishika viti. Watu wakapiga vigelegele. Nikamwona mama mkwe safu ya pili, hata yeye anatabasamu, siku ile tu.

Nikashika kipaza sauti.

"Namshukuru Mungu nimeifikia leo," nikasema. "Nawashukuru mlioniombea na mlionitolea damu. Lakini sijapona. Ugonjwa ninao, nautunza. Na sasa hivi ninavyoongea na nyinyi navuja damu ndani, dalili nimeziona asubuhi. Naomba mwenye gari anipeleke hospitali."

Nilimtafuta Masatu kwa macho, alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba nimemvua nguo hadharani. Halafu mwalimu mmoja akanyanyuka na funguo mkononi, na kina mama wakanishika makwapa. Nilitapika tukiwa tumeshafika kwenye geti la hospitali. Sikutapika chooni kwangu, wala njiani na dagaa, wala peke yangu. Nilitapika mbele ya watu waliovaa glovu. Damu iliyowekwa safari ile ilitoka kwa mwalimu yule, kwa wanakwaya wawili, na kwa Masatu.

Masatu alikuja kunitazama siku ya pili, tayari nimeandikiwa kupelekwa Mwanza tena. Alikaa anafuta vidole ambavyo havikuwa na grisi.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nikinyamaza nasikia kama haupo. Ndiyo maana naongeaga sana."

"Najua."

"Sasa ukitapika tena, nifanye nini? Niambie. Sijui cha kufanya."

Miezi yote ile hakuwahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia, na tukaanza kupanga pale pale kitandani: nani mwenye gari karibu na kwetu, nani ana damu inayofanana na yangu, nani atampigia Neema, nguo gani ziwe kwenye begi nyuma ya mlango. Nilidhani mazungumzo hayo yatamvunja. Alipotoka alitembea wima.

Mama mkwe naye nilizungumza naye, niliporudi kutoka Mwanza. Nikamwambia, "Mama, ukija kunitazama niletee uji. Msiba ukifika utauona tu, usiutangulize." Akakasirika, akakaa siku mbili hanisemeshi. Siku ya tatu alileta uji wa ulezi, akausimamia mpaka nikamaliza. Kulia bado analia, lakini sasa anaenda kulilia nje.

Kisha nilikwenda kupumzika Butiama kwa dada Tabitha, maana kule hakuna wa kuniletea gunia nilipangie bei, na hewa ya vilima ni ya baridi kidogo. Kiangazi kizima nilikuwa naye. Alinipikia, alinifokea, alinikumbusha vidonge. Nilikuwa naketi juani kwenye jiwe mbele ya nyumba, naangalia ng'ombe za watu zikishuka kunywa maji. Kuna siku nilikuwa na huzuni, na sikuifukuza. Nilijua itakaa, halafu itaondoka, kama mgeni. Nikiwa na nguvu nilipepeta mtama. Nikikosa nguvu nililala mchana, nisione haya.

Kwa hiyo, mama uliyenifuata Mwigobero, mumeo usimzike, na usimponye. Mwulize daktari maswali mawili: lipi linawezekana, na lipi haliwezekani. Yote mawili yapeleke nyumbani hivyo hivyo. Mengine utayajua mkiwa ndani yake.

Mvua za vuli zilipokaribia, dada alianza kulima kipande cha nyuma ya nyumba. Akaniuliza nataka nipande nini, kwa sababu ameniachia matuta yangu. Nikasema mchicha, na labda viazi vitamu. Nilijua kwa nini nimechagua hivyo, na yeye alijua. Hakubisha. Alienda uani, akarudi na mzigo wa miti ya mihogo begani, ameikata vipande, akaubwaga miguuni pangu.

"Dada," nikasema, "muhogo unakaa zaidi ya mwaka."

"Najua unavyokaa. Nimeanza kulima kabla yako."

"Na kama sitakuwepo?"

"Tutakula sisi."

"Na kama nitakuwepo?"

Akanipa kijembe kidogo, kile chepesi. "Utachimba mwenyewe," akasema. "Mimi mgongo unaniuma."

Nikapanda mchicha matuta mawili, na mihogo yote iliyobaki. Udongo ulikuwa bado mkavu juu, lakini ukichimba kiganja kimoja chini ulikuwa na unyevu. Tulipofika tuta la mwisho nilikuwa nimechoka, nikamwambia nimechoka, akanimalizia.